Eti ubuyu wa moto unawahi kuganda? Pima hivi

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nauza barafu za ubuyu na za maziwa hapa nyumbani, Tanga. Mwezi uliopita nilichelewa, nikafunga ubuyu ukiwa bado wa moto na kuutia kwenye friza. Ajabu, ukaganda kabla ya ule wa baridi niliouingiza saa ileile. Binti yangu wa kidato cha pili akasema kuna Mtanzania aliligundua jambo hilo na linaitwa kwa jina lake. Akajaribu kwa vikombe viwili vya maji: mara ya kwanza ya moto yakawahi, mara ya pili ya baridi yakawahi, mara ya tatu hatukuelewa kitu. Mwalimu wake kamwambia jaribio limefeli, kwa sababu sayansi haitoi majibu mawili. Nani yuko sahihi? Na je, nianze kutia ubuyu wa moto ili niokoe muda na umeme? (Ule wa baridi ulikuwa uliobaki jana yake, nilikuwa nimeuongeza sukari, na niliupanga juu kwa sababu chini palishajaa.)"

Marahaba, dada yangu. Nimekuelewa hivi: umeona jambo kwa macho yako, binti yako amelijaribu likageuka, na sasa hujui uamini macho, kitabu au mwalimu. Juu ya hayo kuna biashara, na uniti za LUKU haziokotwi. Nitajibu yote, lakini naomba tuanzie mwisho wa barua yako, kwenye yale maneno uliyoyatia kwenye mabano kana kwamba hayana uzito. Humo ndimo lilimo jibu la nusu ya swali lako.

Wewe unasema ulilinganisha ubuyu wa moto na wa baridi. Hebu tuhesabu tofauti zote zilizokuwepo. Mmoja ulikuwa wa moto, mwingine wa baridi: hiyo moja. Mmoja umetoka kupikwa leo, mwingine umelala: mbili. Mmoja una sukari zaidi: tatu. Mmoja ulikaa chini, mwingine juu: nne. Sasa ukiniuliza ni ipi kati ya hizo iliyofanya ule wa moto uwahi, sina njia ya kukujibu, na hayupo mtu yeyote duniani mwenye njia hiyo. Sukari peke yake inachelewesha kuganda: gramu 200 kwenye lita moja ya maji hushusha kiwango cha kuganda kwa takriban nyuzi moja, na kadiri barafu inavyojitenga, maji yanayobaki huwa matamu zaidi na magumu zaidi kuganda. Mahali nako kuna mchango mkubwa. Kama friza lako ni lile la kufungua kwa juu, hewa baridi hutuama chini, na kifuko kinachogusa bati hupoteza joto haraka kuliko kinachokalia vifuko wenzake. Tena kama bati hilo lilikuwa na utando wa theluji, vifuko vya moto viliuyeyusha vikagusana na bati lenyewe, ilhali theluji ni kizuizi kizuri cha joto. Kwa hiyo uliyoyaona ni kweli. Kinachokosekana ni namna ya kujua yalisababishwa na nini.

Hiyo ndiyo kazi ya jaribio linalodhibitiwa. Wengi wanadhani jaribio la kisayansi ni lazima liwe na vyombo vya kioo, koti jeupe na namba nyingi. Jaribio ni kulinganisha vitu viwili vinavyofanana kwa kila hali isipokuwa moja, ile unayoiulizia. Ukitaka kujua nani ana mbio kati ya watoto wawili, huwezi kumkimbiza mmoja kwenye lami na mwingine kwenye mchanga wa pwani, kisha ukamtangaza mshindi. Kitu kimoja unakibadilisha kwa makusudi, kimoja unakipima, na vilivyobaki vyote unavishika visicheze. Usivyoweza kuvishika, na daima vipo, unavipigia kura ili visiegemee upande mmoja. Hilo la kura nitalirudia.

Sasa tuje kwa huyo Mtanzania, maana binti yako amesema kweli, na kisa chake kinafanana na chako kuliko mnavyojua. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji ambayo nafasi yake ilikuwa ya kugombania. Siku moja mwenzake, kwa kuhofia kukosa nafasi, akachanganya maziwa na sukari bila kuchemsha na kuyawahisha. Mpemba naye akaona akisubiri yake yapoe ataikosa, akayaweka yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Umeona? Mmoja amechemsha, mwenzake hajachemsha. Mmoja wa moto, mwingine wa baridi. Tofauti mbili kwa mpigo, kama zako nne. Siku ile Mpemba hakuwa amethibitisha lolote kuhusu joto. Alikuwa amepata swali, na namsifu kwa sababu hakuliachia. Alimuuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa. Aliwauliza watengeneza aiskrimu wa huko kwenu Tanga mjini, wakamwambia nao hutia ya moto ili iwahi. Akaenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, akauliza tena, na mwalimu akamjibu kwamba hiyo si fizikia ya ulimwengu, ni fizikia ya Mpemba. Darasa likalifanya msemo wa kumchekea kila alipokosea. Hapo ndipo alipofanya lile ambalo wachekaji hawakulifanya: alichukua maji matupu, bila maziwa wala sukari, ujazo sawa, vyombo sawa, akabadilisha joto tu.

Alipofika mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, Mpemba alimuuliza mbele ya wote kwa nini maji ya nyuzi 100 yagande kabla ya maji ya nyuzi 35 yakiwekwa pamoja kwenye friza. Osborne hakuamini, lakini aliahidi kujaribu. Huko Dar es Salaam fundi wa maabara alifanya jaribio, akarudi na habari kwamba kweli ya moto yametangulia, ila akaongeza kuwa wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi. Maneno hayo yanasimuliwa kwa kicheko, lakini mimi hunisikitisha, maana ni ugonjwa ambao bado uko kwenye maabara zetu za shule: jibu linajulikana kabla, na jaribio linafanywa ili kulifikia. Mwanafunzi anajifunza kupika namba. Osborne, kwa bahati, aliyachukua matokeo kama yalivyo. Walitumia maji mililita 70 katika vyombo vya kioo vinavyofanana, wakaviweka juu ya kipande cha povu gumu, lile la kufungia vyombo vya umeme, ili joto lisitorokee chini kwenye bati. Pia walijaribu kufunika uso wa maji kwa utando wa mafuta ili kuona mchango wa mvuke. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, mwanafunzi na mhadhiri, kwenye jarida la ualimu wa fizikia, na jambo hilo likaanza kuitwa kwa jina la kijana wa Magamba.

Je, ndiyo yamekwisha? Hapana. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walipima kwa uangalifu muda ambao maji hutumia kushuka hadi nyuzi 0. Hawakupata ushahidi kwamba ya moto hutangulia. Wakaonyesha na jambo la kutisha kidogo kwa yeyote anayepima: ukihamisha kipimajoto kwa sentimita moja tu kwenda juu au chini, unaweza kupata matokeo yanayofanana kabisa na ya Mpemba. Maji yanayopoa hayana joto moja kote, yana matabaka. Zaidi ya hapo, wao walipima kufika nyuzi 0, na kufika nyuzi 0 si sawa na kuganda. Kwa upande mwingine, mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Canada waliionyesha tabia ya namna hiyo bila shaka yoyote, lakini kwa punje ndogo mno ya kioo iliyodhibitiwa kwa mwanga wa leza ndani ya maji. Hiyo ni mbali sana na ubuyu.

Kwa hiyo, nani yuko sahihi? Kwa maji ya kawaida kwenye friza la kawaida, ya moto huweza kutangulia mara nyingine, na hakuna kanuni kwamba lazima yatangulie. Jina la Mpemba halipungui kwa watu kumpima upya. Wanaomrudia miaka zaidi ya 50 baadaye wanamtendea kile alichokidai kwa walimu wake, yaani jaribuni kwanza.

Mwalimu wa binti yako ana nusu ya ukweli, nami sitaki umdharau. Ni kweli kwamba maumbile hayabadiliki kwa kuwa leo ni Jumanne. Hali ileile kabisa itatoa matokeo yaleyale, au yanayokaribiana. Lakini kutokana na hilo, majibu yanayogeuka hayamaanishi jaribio limefeli. Yanamaanisha kuna kitu kilibadilika bila ninyi kukiona, na sasa kazi ni kukitafuta. Nami nina mshukiwa wa kwanza. Maji safi hayagandi papo hapo yakifika nyuzi 0. Yanaweza kushuka nyuzi kadhaa chini ya hapo yakiwa bado majimaji, mpaka kitu kiyaanzishie: chembe ya vumbi, mkwaruzo ndani ya kikombe, mtikisiko wa kufungua mlango. Vikombe viwili vya maji ya bomba moja, vyenye joto moja, vinaweza kuachana kwa muda mrefu kwa sababu hiyo tu. James Brownridge wa Marekani, aliyelirudia jambo hili mara nyingi sana, aliona kwamba maji ya moto hutangulia pale tu ambapo ya baridi yamechelewa kuanza kuganda kwa sababu hiyo. Mshukiwa wa pili ni ninyi wenyewe. Mliamuaje kwamba "yameganda"? Kipande cha kwanza cha barafu juu, au mpaka katikati? Kama hamkuafikiana kabla, jicho litaafikiana na moyo.

Basi binti yako arudie, hivi. Kwanza aandike dai lake kwenye daftari kabla ya kugusa friza, kwa namna ambayo linaweza kushindwa: "maji ya nyuzi 80 yataganda mpaka katikati kabla ya maji ya nyuzi 30." Aandike pia maana ya kuganda, kwa mfano kijiti chembamba hakipenyi tena katikati. Achemshe maji yote kwenye sufuria moja, kisha nusu ayapooze kwenye beseni la maji hadi yafikie joto la chumba, na nusu nyingine ayapashe tena. Hapo yote yamechemshwa, tofauti imebaki joto. Apime ujazo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, lile la kunyweshea watoto dawa. Vikombe viwe vya plastiki ngumu au chuma. Kioo kinachotoka kwenye moto kikitiwa kwenye friza huweza kupasuka. Avikalishe vyote juu ya kipande cha povu kama alivyofanya Osborne, ili theluji ya bati isiingilie.

Mahali je? Upande mmoja wa friza huwa baridi kuliko mwingine, hata usipoujua. Hapa ndipo kura inapofanya kazi: arushe sarafu, iamue cha moto kikae kulia au kushoto, na airushe upya kila mara. Akichagua mwenyewe, hata kwa nia njema, mkono una mazoea yake. Na wewe mama uwe mkaguzi: yeye aandike namba chini ya vikombe na kuficha karatasi inayosema namba ipi ilikuwa ya moto, wewe uvichome kijiti bila kujua. Baada ya saa moja hivi hutatambua kwa kugusa.

Arudie mara ngapi? Tuseme joto la mwanzo halina athari yoyote, ni bahati tu. Mara tatu mfululizo cha moto kinaweza kushinda kwa bahati nafasi 1 kati ya 8, na hiyo si ajabu hata kidogo. Mara sita mfululizo ni nafasi 1 kati ya 64, hapo ndipo ninapoanza kusikiliza. Na akipata mara tatu kwa tatu, ayaandike hivyohivyo. Hilo nalo ni jibu, na mwalimu makini atampa alama zake.

Mantiki hiyohiyo ndiyo hutumika kwenye dawa. Mafua hupona yenyewe ndani ya siku chache, kwa hiyo aliyekunywa mchanganyiko fulani akapona hajatuambia kitu, mpaka tuwe na wenzake waliogawanywa kwa kura ambao hawakuunywa. Kundi hilo la kulinganishia si watu waliotelekezwa. Bila hao dawa haina ushahidi.

Sasa biashara yako. Hapa swali si lile la binti, na ndiyo maana jaribio lake halitakujibu. Wewe una vifuko vingi vilivyofungwa, si kikombe kilicho wazi. Moja ya sababu zinazotajwa za maji ya moto kuwahi ni kwamba sehemu yake hutoka kama mvuke, yakabaki machache ya kugandisha. Kifuko kilichofungwa hakitoi mvuke nje, kwa hiyo faida hiyo huna. Halafu vifuko vya moto hupasha vya jirani yao na friza zima, kwa hiyo ukivichanganya humo humo, kila kundi linaharibu kipimo cha lenzake.

Na kuhusu umeme sina haja hata ya jaribio, hesabu inatosha. Kushusha lita moja ya maji kutoka nyuzi 80 hadi 0 kunahitaji kuondoa takriban kilojuli 336 za joto. Kuigandisha ikishafika 0 kunahitaji nyingine 334. Jumla 670. Ukianzia nyuzi 30, joto la chumba la huko kwenu, unaondoa 126 kisha 334, jumla 460. Yaani ubuyu wa moto unalibebesha friza kazi karibu mara moja na nusu, na friza hulipia kila kilojuli kwa uniti zako. Hata ikitokea ukaganda mapema kwa sababu umeyeyusha theluji ukagusana na bati, bili yake ni kubwa zaidi. Kuwahi na kuokoa umeme ni vitu viwili tofauti, na barua yako ilivifunga kwenye kifuko kimoja.

Ushauri wangu ni kupooza kwanza, lakini si kwa kuuacha mezani nusu siku. Hasa zile za maziwa: maziwa yaliyochemshwa yakikaa na uvuguvugu kwa saa nyingi, vijidudu vinazaliana. Tumbukiza sufuria kwenye beseni la maji ya bomba, koroga, badilisha maji mara moja au mbili. Beseni linafanya bure kazi ambayo friza lingekutoza. Ukishapoa, funga na uingize mara moja, usipitishe saa mbili tangu uepue. Pia usimimine mchanganyiko unaochemka kwenye nailoni nyembamba. Inalegea, inapasuka, na nimewaona watu wenye makovu ya mkono kwa hilo. Panga vifuko tabaka moja vikigusa bati kwanza, kisha rundika vikishashika.

Ukitaka kujihakikishia kwenye friza lako mwenyewe, tumia siku nzima nzima: sarafu iamue leo ni siku ya moto au ya baridi, idadi ya vifuko sawa, mchanganyiko mmoja, sukari ileile, saa ileile ya jioni wakati matumizi mengine ya nyumba ni madogo. Soma mita kabla ya kuingiza na asubuhi. Siku umeme ukikatika ifute, lakini amua kuifuta kabla hujaona matokeo yake.

Mwisho, kuna mambo ambayo siwezi kuyapima kwa barua. Bana karatasi kwenye mlango wa friza na uivute: ikitoka kirahisi, mpira umechoka na baridi inavuja. Theluji ukutani ikizidi nusu sentimita, zima friza uiyeyushe, usiibandue kwa kisu. Kama mpira ni mzima, theluji umeitoa, umeme haukukatika, na bado vifuko vilivyoingia jioni vikiwa vimepoa havijawa vigumu asubuhi, muite fundi wa mafriji akague gesi na mota. Na kama kuna mteja aliyeumwa tumbo baada ya zile za maziwa, simamisha hizo tu na umuone afisa afya wa kata kabla ya kupika nyingine.